Namba za presha nilizoandika baada ya kutolewa mtoto wa jicho

Mama yangu alipofushwa na presha ya macho, ile inayoua mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya. Kwa hiyo nilipoambiwa nina mtoto wa jicho, yaani ukungu kwenye lenzi ya jicho, pande zote mbili, jambo la kwanza nililouliza lilikuwa presha yangu ni ngapi. Kulia 20, kushoto 19. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Nikanunua daftari dogo, nikaziandika.

Jicho la kulia lilipasuliwa mwaka 2019 kwa njia ya mkono: daktari hufungua kijia cha milimita 6 hivi kwenye weupe wa jicho, akatoa kiini cha lenzi kikiwa kizima, akaweka lenzi ya plastiki, na mara nyingi hashoni. Nilitoka saa sita mchana. Kufika saa kumi na moja jioni nyusi inauma, kichwa kinagonga, nikatapika. Nilitaka kuvumilia, maana nilijua aliyepasuliwa lazima asikie maumivu. Binti yangu ndiye aliyepiga simu. Muuguzi akamwambia, "Mlete Mwalimu sasa hivi, msisubiri kesho." Presha ilikuwa 38.

Nilielezwa hivi: wakati wa upasuaji jicho hujazwa ute mzito ili lisinywee. Mwishoni ute huoshwa, lakini ukibaki kidogo huziba njia ambayo maji ya jicho hutokea, na presha hupanda saa chache tu baadaye. Nikapewa vidonge vya asetazolamidi. Vidole viliingia ganzi na msalani nilikwenda usiku kucha, ila asubuhi presha ilikuwa 21, siku ya tatu 17.

Jicho la kushoto nililipeleka hospitali nyingine mwaka 2022, kwa mashine inayovunjavunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza kupitia tundu lisilofika milimita 3. Ni njia ghali zaidi, na nilijipa moyo kwamba nikilipa nitaepuka yale ya kwanza. Kweli, kesho yake presha ilikuwa 16. Nikarudi nyumbani kwa furaha na chupa yangu ya matone ya deksamethasoni, ya kutuliza uvimbe.

Wiki ya nne nilikwenda kupimwa nikiwa sina shida yoyote. Naona vizuri, hakuna kinachouma. Presha 31.

Hapo ndipo nilipoogopa kuliko usiku ule wa kutapika. Ile 38 ilipanda ghafla, ikaniuma, ikanipeleka hospitali. Hii 31 ilipanda polepole bila dalili hata moja, na chanzo hakikuwa upasuaji bali matone yenyewe: ni dawa ya jamii ya steroidi, na kwa baadhi yetu hupandisha presha baada ya wiki kadhaa, hasa mwenye mzazi aliyeugua presha ya macho. Hospitali ile hawakuniuliza habari za mama, nami sikuwaambia.

Daktari alinibadilishia matone, kisha akaniuliza kama nina pumu kabla ya kuniandikia timololi, matone ya kushusha presha, kwa kuwa dawa hiyo ni hatari kwa mwenye pumu. Baada ya wiki tatu presha ilishuka hadi 15.

Nyumbani nilifungua daftari kurasa za 2019. Baada ya siku ya tatu hakuna namba hadi mwaka uliofuata. Matone yalikuwa yaleyale, nayo niliyatumia zaidi ya mwezi, na hakuna aliyepima. Ilipanda? Sitajua kamwe.

Ndiyo maana kila ninayesikia anakwenda kupasuliwa, kwa njia yoyote ile, namsihi aombe kupimwa presha siku ya kwanza na tena wiki ya tatu au ya nne, ataje ugonjwa wa wazazi wake, na asiache matone kwa uamuzi wake mwenyewe.

Leo kulia ni 15, kushoto 14, chini ya nilivyoanza. Lenzi ya uzeeni hunenepa na kubana njia ya maji. Ile ya plastiki ni nyembamba. Hata hivyo bado napimwa kila miezi 6, na tangu mwaka jana daftari lina namba za wadogo zangu wawili pia.