Madoa ya rangi ya chungwa kwenye sabuni ya nyumbani
Katika joto na unyevu wa Mombasa, nimepanga miche ya sabuni za aina mbalimbali kwenye rafu moja, na ile yenye mafuta mengi ya alizeti ndiyo iliyotangulia kutoa madoa na harufu ya mafuta yaliyochacha, ilhali ile ya mafuta ya nazi matupu, ambayo hayaungani upesi na oksijeni, ingali myeupe. Miche iliyokaa juu ya waya wenye kutu ilipata madoa palepale ilipougusa, kwa kuwa chuma huchochea kuchacha huko kwa mafuta. Maji ya kisima nimeyaacha, kwa kuwa huweza kuwa na madini kama hayo ya chuma. Natumia yaliyokenekwa (yaani mvuke uliopozwa ukawa maji safi), pamoja na asidi ya sitriki kidogo inayonasa madini (nayo hula sehemu ya kostiki soda, ile inayogeuza mafuta kuwa sabuni, kwa hiyo ipigieni hesabu). Dondoo la rozimari husaidia likitiwa kwenye mafuta yangali mapya. Yaliyokwisha kuchacha haliyafufui.