Siku yangu Mlimani: darasa lisilo na paa

Saa 12:20 asubuhi

Natoka Changanyikeni kwa miguu, naingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla jua halijapata nguvu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, idara ya botania, ila siku za praktiko ya ikolojia maabara yenyewe naiona jioni. Wanafunzi wa mradi wa ndege wameshajipanga kando ya kichaka: dakika kumi kila kituo, hakuna kuongea, unaandika unachokiona na unachokisikia. Tiva anasikika, haonekani. Hondohondo wawili wanakatiza. Waliobaki ni kunguru wa India, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 na sasa wameitawala Dar es Salaam. Binti mmoja analalamika karatasi yake imejaa kunguru tupu. Namwambia aendelee kuandika, hao nao ni matokeo.

Saa 1:30

Kabla ya chai naenda kumwamkia mzee anayefyeka majani. Wengi wakizungumzia utafiti wa nje ya maabara hutaja vifaa na fedha. Mimi namtaja mtu mwenye fyekeo. Eneo tulilolitenga liote lenyewe, machoni pa mpita njia ni pori lililotelekezwa, na kazi ya mzee ni kusafisha. Kwa hiyo kila muhula tunazunguka pamoja, namwonyesha vigingi vyenye utepe mwekundu, naye ananihoji kuliko wanafunzi. Leo kanitahadharisha: karibu na mkwaju kuna nyigu, nisiwapitishe watoto huko. Hilo hulipati kwenye mwongozo wa praktiko.

Saa 3:00

Mwaka wa kwanza wamefika. Kamba, tepu, vigingi, maeneo ya mita 10 kwa 10. Kila mti unapimwa mzingo wake mita 1.3 kutoka ardhini. Kazi nyepesi, mpaka ufike kwenye mteremko, na mlima huu miteremko haiishi. Unasimama upande gani wa mti? Wa juu. Na mti uliogawanyika chini ya kifua? Kila shina linapimwa peke yake. Ubaoni maelezo haya ni ya dakika tano na jioni yameshasahaulika. Hapa watatu wamebishana mbele ya mwarobaini mmoja karibu robo saa, nami nikanyamaza makusudi.

Simu ruksa, ila kwanza jani lielezwe kwa maneno yao: limekaaje kwenye tawi, ukingo wake ukoje, ukilifikicha linanukaje. Programu ya kutambua mimea ije baadaye, tena tubishane nayo.

Kisha kijana mmoja akaegemea mwembe. Chungu wa maji moto wakamwingia shingoni, akavua shati mbele ya darasa zima. Vicheko vilipotulia tukainua macho kutazama viota vyao vya majani yaliyoshonwa. Chungu hawahawa huwinda wadudu wanaofyonza machipukizi ya mikorosho, na watafiti wa korosho kule Naliendele, Mtwara, wamewachunguza kama walinzi wa mashamba. Nina hakika kijana yule akiulizwa kwenye mtihani hatakosa.

Saa 5:00

Chai na chapati. Tumbili wanatuzunguka. Hawalishwi, hata kwa huruma: tumbili aliyezoea chapati hatusaidii chochote kwenye utafiti wa anachokula mwituni, na kesho atapora mkoba.

Saa 7:15 mchana

Wanajiografia wanapima joto la uso wa ardhi. Lami ya maegesho: nyuzi 53. Udongo chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka hapo: 31. Kila anayependekeza mti ukatwe magari yapate nafasi ningependa ashike kipimajoto hiki mwenyewe, saa hii, tena bila kofia.

Saa 10:00 jioni

Sasa ndiyo maabara. Vielelezo vya leo vinatandazwa ndani ya magazeti ya zamani na kubanwa kati ya mbao. Magazeti yatabadilishwa kila siku hadi mimea ikauke, la sivyo ukungu unakuwahi. Unyevu wa Pwani haukupi nafasi. Napitia lebo: mahali, tarehe, mkusanyaji, aina ya makazi. Nyingi hazina rangi ya ua, na ua likishakauka rangi hiyo huipati tena. Nazirudisha.

Kesho ni zamu ya kundi la pili. Nimewaandikia kwenye grupu: viatu vya kufunika, maji ya kunywa, na asiegemee mtu mwembe.