Joka la Futi Tano na Inchi Saba

Umeme ulikatika saa moja usiku, ndiyo maana nimekaa muda wote huo nikimulika kadi ya mtoto kwa tochi ya simu.

Kadi ni za mpwa wangu. Baba yake mdogo yuko Uingereza, kamtumia bunda la kadi za Pokémon, mchezo wa Kijapani wa viumbe wa kubuni, na tangu Jumamosi hapa Tandika hakulaliki. Ile anayoipenda kuliko zote ni Charizard, joka la rangi ya chungwa, mbawa zimetanuka, moto unamtoka mdomoni. (Nina hakika ni feki. Kingo zake zimekatwa kama na wembe wa kinyozi. Lakini picha ni ileile ya zamani, ya mchoraji Mjapani Mitsuhiro Arita.)

Nikamuuliza, huyu ana ukubwa gani?

"Kama ghorofa, mjomba."

Nikamsomea yale maandishi madogo chini ya picha: urefu futi 5 na inchi 7, uzito ratili 200. Mimi nina futi 5 na inchi 8. Tukachukua futi kamba yangu ya kazini, nikapiga alama ya chaki ukutani, nikasimama pembeni yake. Joka lote, na moto wake, linaishia kwenye paji la uso wangu. Mtoto alinuna kana kwamba nimemwibia kitu.

Mimi ni fundi wa mabango, kazi yangu ni kupima, na jambo hili limenikaa kichwani. Arita hakudanganya mahali popote. Alichofanya ni kutokuweka kitu cha kupimia. Nyuma ya joka hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu anayekimbia. Jicho likikosa cha kulinganisha linakisia, na likiona mbawa zimejaza fremu linakisia kikubwa. Halafu mwili ameupa mwanga na kivuli hadi unaona una uzito, kwa hiyo akili haiulizi tena.

Nilipokuwa kijana niliwahi kukaa na wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay. Pale hakuna aliyesumbuka na mistari inayokutana kwenye nukta moja huko mbali. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 na hadibodi na rangi za kupakia baiskeli, akafariki 1972, na katika miaka hiyo michache aliacha namna ya kuchora ambayo mnyama anasimama mbele ya rangi tupu, bila ardhi ya kueleweka wala upeo. Ndege anaweza kulingana na twiga. Watalii huita ule uchoraji wa kitoto. Mbona joka la Arita nalo limeelea mbele ya rangi tu, na hakuna anayeliita la kitoto?

Kwenye bunda kuna nyingine iliyonichekesha. Mchoraji wake, Yuka Morii, hachori kabisa: hufinyanga kiumbe kwa udongo wa kuchezea kisha anakipiga picha. Hapo kina cha picha ni cha kweli, kamera yenyewe imekileta, kivuli ni kivuli. Lakini ndiyo kadi pekee ambayo mpwa wangu aliitazama akasema, "Huyu ni mdogo." Kamera ikisogea karibu, vya nyuma vinafifia, na sisi sote tumeshajua kwamba picha ya namna hiyo ni ya kitu cha kushika mkononi.

Basi nikajaribu yangu. Kadi ina milimita 63 kwa 88, na dirisha la picha halifiki hata nusu yake. Nikachora daladala ya Tandika–Kariakoo kwa kanuni zote: barabara inasinyaa kwenda mbali, nguzo zinapungua moja baada ya nyingine, Coaster iko katikati na konda ananing'inia mlangoni. Nilijivunia kweli. Mpwa akaiweka mezani, akarudi nyuma hatua mbili kama wanavyofanya wakicheza, akasema haoni kitu.

Kweli, haikuonekana. Bango la mita tatu linavumilia nguzo kumi na mbili. Kadi haivumilii hata tatu.

Nikaanza upya. Nikashusha jicho hadi chini kwenye lami, usawa wa tairi, nikaiacha pua ya Coaster ijae dirisha zima na barabara nikaifuta. Upande wa nyuma wa gari nimeufupisha kuliko haki. Angeniona mwalimu wa ramani angenipiga rula. Konda nimemfanya mkubwa kuliko mlango. Safari hii mtoto aliruka.

Sasa anataka maandishi ya chini kama kwenye zile nyingine. Nikaandika urefu wa konda futi 5 na inchi 6, uzito kilo 60.

Akaniuliza kama hiyo ni pamoja na chenji.