Sukari ya mnazi ni tamu, lakini haimtibu baba

Karibu kila anayejua kwamba baba ana kisukari ameshaniuliza kwa nini simnunulii sukari ya mnazi. Wanauliza kwa nia njema. Wameona pakiti za rangi ya udongo zilizoandikwa "asili", nyingine "inafaa kwa wenye kisukari", wakaona ni huruma kumpa mzee kitu cha kutia kwenye chai bila hofu. Huwa najibu kwa kifupi. Leo nitajibu kwa kirefu, maana hapa ni afya ya baba inayozungumzwa.

Kwanza niitendee haki sukari yenyewe, kwa sababu naipenda. Mgema hupanda mti asubuhi na jioni, akapunguza ncha ya karara, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, kwa kisu kikali, kipande chembamba tu, kisha akatundika chombo chini yake. Kinachodondoka ni maji matamu ambayo sukari yake ni asilimia 10 hadi 15 hivi. Utomvu huo hauna subira: joto likiupata unachacha, na ukishachacha ni pombe. Ndiyo maana wagema wengi wa Asia hutia chokaa kidogo chomboni kabla ya kukitundika. Na si mnazi peke yake. Kambodia hugema mvumo, na sukari ya mkoa wa Kampong Speu jina lake linalindwa kisheria tangu 2010. Indonesia wana mti uitwao aren, ambao kikonyo cha ua lake hupigwapigwa na kutikiswa kwa wiki kadhaa kabla utomvu haujakubali kutoka.

Halafu ni moto na mkono. Utomvu huchemshwa kwenye karai pana kwa saa nyingi, na lita 7 au zaidi huishia kuwa kilo moja. Povu likipanda hadi ukingoni, mpishi hutupia nazi kidogo iliyokunwa, na mafuta yake hulishusha palepale. Ikishakuwa nzito humiminwa kwenye vifuu au vipande vya mianzi igande. Donge zuri ukilikwangua kwa kisu halimwagiki chembechembe. Linatoka maganda laini, yenye unyevu kwa mbali, na harufu ya moshi inakufikia kabla hujaonja. Sukari nyeupe haina hata robo ya ladha hiyo.

Lakini ladha ni jambo moja na damu ni jambo jingine.

Asilimia 70 hadi 80 ya sukari ya mnazi ni sukrosi, ile ile iliyomo kwenye sukari nyeupe. Nyingi ya iliyobaki ni glukosi na fruktosi, pamoja na maji na madini. Kijiko cha chai, gramu 4, kina kalori 15 au 16, sawa na kijiko cha nyeupe. Mwili ukishaivunjavunja hauulizi ilitoka kwenye muwa au kwenye karara. Meno nayo hayaulizi.

Watu hunitajia namba 35. Hiyo ni fahirisi ya glisemia, yaani kasi ambayo chakula hupandisha sukari kwenye damu, na ilipatikana Ufilipino kwa kupima watu 10. Chuo Kikuu cha Sydney walipopima sukari ya mnazi walipata 54. Sukari nyeupe iko kwenye 65 hivi. Tuseme inapanda polepole kidogo, nakubali. Ila kasi si kiasi: anayetia vijiko vitatu kwa kuwa pakiti imemwondolea hofu amejiumiza kuliko aliyetia kimoja cha nyeupe akijua anachofanya. Hapo ndipo ninapokasirika na maandishi yale ya mbele ya pakiti.

Na madini? Yapo, potasiamu hasa. Chuma ni kama miligramu 2 katika gramu 100. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku; piga hesabu uone, ni karibu kilo nzima ya sukari.

Baba mwenyewe aliwahi kunibana. "Mwanangu, hii si imetoka mtini?" Nikamwambia, "Na muwa umetoka shambani, baba." Akacheka, lakini nilimaanisha. Neno "asili" halimkingi mtu. Kule Bangladesh, utomvu mbichi wa mtende mwitu umewahi kuambukiza watu virusi hatari viitwavyo Nipah, kwa sababu popo huuramba na kuukojolea usiku. Ukichemshwa virusi hufa. Kwa hiyo ni moto uliofanya kazi, si uasili.

Nyumbani donge lipo. Nalikwangulia juu ya tunda lililoiva, kidogo sana, siku ambayo baba hajala kitamu kingine, na kiasi hicho kinaingia kwenye hesabu ya wanga tuliyopangiwa na mtaalamu wake wa lishe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari za kuongezwa zisizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana zibaki chini ya 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi, vijiko sita. Asali imo humo, na sukari ya mnazi imo.

Basi mkija kumjulia hali na pakiti mkononi, igeuzeni kabla hamjalipa. Nyuma, mstari wa sukari kwa kila gramu 100, mara nyingi mtakuta 90 au karibu yake. Hiyo ndiyo namba ninayomsomea baba, na siku hizi ndiyo anayoiuliza kwanza.