Siku moja kijijini Chamwino: waliogawiwa na wanaogawana

Saa 11 alfajiri. Jogoo wa jirani huwahi kuliko simu yangu. Huu ni mwezi wa nne nalala chumba cha nyuma kwa bibi mmoja katika kijiji cha wilaya ya Chamwino, Dodoma, nikitafiti watu wanavyoishi na ujamaa baada ya ujamaa: maneno gani yamebaki, desturi gani zimekufa, zipi zimebadili nguo tu. Nampa shikamoo, anaitikia marahaba, kisha anasubiri. Mpaka niseme "mbukwa", salamu ya Kigogo, ndipo anaona nimemwamkia.

Saa 1 asubuhi. Tuko shambani, tunakata masuke ya uwele. Sichukui daftari shambani. Mikono ikiwa na kazi maneno hutoka yenyewe, na mengi ninayoyajua nimeyapata nimeinama. Leo namuuliza kama siku za kulima pamoja zilikuwa njema.

"Zipi? Ujima au ujamaa?"

Nilikuwa nimeyaweka kapu moja. Anasimama, anajinyoosha mgongo. "Ujima ni wetu, mjukuu wangu. Unapika pombe, majirani wanakuja kukulimia, kesho nawe unakwenda kwao. Ujamaa asubuhi mlikuwa mnaitwa majina. Usipoitika, jina lako linaandikwa." Siku hizi hana ujima wala ujamaa. Akizidiwa anatafuta vibarua, na bei inapatanwa kabla jembe halijagusa udongo.

Saa 3. Ananipeleka mahame. Nimemwomba tangu wiki ya kwanza, na leo mwenyewe kasema twende. Ni mwendo wa nusu saa, tukipita mibuyu miwili. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, familia yake ilitolewa hapa ikapelekwa kijiji kipya, miaka miwili kabla serikali haijatangaza kwamba kuishi vijijini ni lazima kwa nchi nzima. Tembe lao lilishushwa paa, watu wasirudi.

Macho yangu yaliona kichaka tu. Yeye alikwenda moja kwa moja, akapangua majani kwa mguu, yakatokea mafiga. Yalikuwa mawili, na la tatu limezama nusu. Upande mmoja bado ni mweusi. Akalishika lile jiwe akaangalia kiganja chake, kama anatafuta masizi ya mama yake baada ya miaka hamsini na ushei. Hatua tano kutoka hapo imesimama bikoni mpya ya zege, yenye namba.

Eneo hili baadaye alikuja kugawiwa mtu mwingine, na watoto wa mtu huyo wameuza. Tangu serikali ianze kuhamia Dodoma kwa vitendo, uamuzi uliokuwa umekaa tangu 1973, madalali wanafika mpaka huku. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilithibitisha ugawaji wa kati ya 1970 na 1977 na kuzima haki za waliokuwepo kabla. Romania walikwenda njia nyingine: sheria yao ya 1991 iliwarudishia watu mashamba ya wazee wao, mwisho hekta 10, wakaanza kugombania mipaka ambayo trekta za shamba la pamoja zilikwisha kuifuta. Kwetu sheria haikuwarudishia wa zamani mashamba yao. Bibi ana haki pale alipopelekwa. Hapa kwenye mafiga ya mama yake hana.

Saa 7 mchana. Ugali wa uwele na mlenda. Jua ni kali, kijiji kizima kimejilaza, nami pia.

Saa 10 jioni. Kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopeshana, chini ya mkwaju. Kasha la chuma lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu tofauti, kwa hiyo mmoja akichelewa wote wanangoja. Anayetaka kusema anainuka: "Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama..." Ndugu! Neno hilo ofisini nimelisikia likisukumwa na "mheshimiwa" hadi karibu litoke mlangoni, kumbe huku bado linafanya kazi, tena kwenye shughuli ya kununua hisa na kutozana riba.

Niliandika kitenzi kimoja mara nyingi kuliko vingine: kugawana. "Tutagawana mwezi wa kumi na mbili." Wazee wakinisimulia miaka ya sabini husema tuligawiwa: tuligawiwa viwanja, tuligawiwa sukari, tuligawiwa zamu. Mzizi ni uleule. Siasa ya ujamaa ilihubiri kugawana, lakini midomoni mwa waliouishi kimebaki kugawiwa. Naamini sura nzima ya tasnifu yangu imo katika tofauti ya viambishi hivyo viwili, -an- na -iw-, na nimeipata leo kwa sababu nilikaa nikasubiri ufunguo wa tatu.

Saa 2 usiku. Naandika kwa taa ya sola. Nina desturi ya kumsomea bibi kila nilichoandika juu yake, maana watafiti waliopita hapa, kwa maneno ya wanakijiji, walichukua wakaenda. Nasoma: "Mwaka 1971 walituhamisha."

"Sikusema hivyo. Nilisema tulihamishwa."

Nikamwambia maana ni moja. Akanyamaza kidogo, akasogeza kigoda karibu.

"Mjumbe wa nyumba kumi alikuwa kaka yangu. Yeye ndiye aliyepanda juu kushusha paa, baba amesimama chini anamtazama. Walizikana wakiwa hawajalizungumza."

Nikafuta. Nikaandika tulihamishwa, nikamsomea tena.

"Hapo sawa," akasema. "Acha hivyo hivyo."