Asiyejua na Asiyeamini: Mjadala Ulionisubiri Nairobi

Tangu nihamie Leeds, kaskazini mwa Uingereza, sikumbuki mtu wa huko aliyewahi kuniuliza ninasali wapi. Sensa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba asilimia 37.2 ya wakazi wa England na Wales hawana dini yoyote, na kati ya ninaofanya nao kazi hata wanaojiita Wakristo hawaendi kanisani ila kwa harusi na mazishi, kwa hiyo suala la kuwapo kwa Mungu mtu anaweza kuliacha bila kulijibu hadi azeeke. Nairobi haina ruhusa ya namna hiyo. Nilipokuja likizo, mjomba wangu, ambaye ni mzee wa kanisa mtaani Umoja, aliniuliza mbele ya watu waliokuja kunisalimu: "Mjomba, huko Ulaya unasali wapi?" Nilimjibu kwamba siamini tena, ila pia sidai kujua kwamba Mungu hayupo.

Jibu hilo halikumkasirisha, kwa sababu alilisikia kama ahadi: asiyejua bado anatafuta, na atafutaye huona. Aliyekasirika ni mwanawe, binamu yangu, mkanamungu asiyejificha, ambaye kwa maoni yake uagnostiki, yaani msimamo wa asemaye kwamba hajui kama Mungu yupo, ni ukanamungu uliovalishwa suti ili usifukuzwe sebuleni kwa wazee. Tulibishana hadi usiku mkubwa, na kadiri nilivyowasikiliza ndivyo nilivyoona kwamba baba na mwana, pamoja na uhasama wao wote, wanakubaliana katika jambo moja: wote wanauweka uagnostiki katikati ya kuamini na kutoamini, mmoja akiuita tumaini na mwenzake akiuita woga. Mimi nadhani hapo si mahali pake.

Maswali ni mawili. La kwanza linahusu ujuzi: je, binadamu ana njia ya kuthibitisha kwamba miungu ipo au haipo? La pili linahusu imani: je, wewe binafsi unaishi ukiikubali? Protagora, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alijibu la kwanza aliposema kwamba hawezi kujua kama miungu ipo, kwa kuwa jambo lenyewe ni gizagiza na maisha ya mtu ni mafupi. Anayejibu la kwanza kwa "sijui" bado anadaiwa jibu la pili, na anaweza kulijibu kwa "naamini," kama wafanyavyo waumini wengi wanyofu, au kwa "siamini," kama nifanyavyo mimi. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa muagnostiki na mkanamungu kwa wakati mmoja bila kujipinga.

Hata hivyo, binamu yangu ana hoja ambayo historia ya Uingereza yenyewe inamuunga mkono. Jina la uagnostiki lilibuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyekuwa mtetezi mkuu wa Charles Darwin na nadharia yake ya mageuzi ya viumbe, alipojikuta London katika chama cha wasomi ambamo kila mtu alikuwa na jina la msimamo wake isipokuwa yeye. Wakati huohuo alikuwapo Charles Bradlaugh, mtu aliyetoka katika familia maskini na aliyejiita mkanamungu hadharani, ingawa alieleza kwamba hasemi hakuna Mungu, bali kwamba hajui wenzake wanamaanisha nini wanapomtaja. Kimantiki watu hawa wawili walikaribiana sana. Lakini Huxley alipata kuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza, na mwaka 1892 akateuliwa kuwa mshauri wa Malkia, ilhali Bradlaugh, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa Northampton mwaka 1880, alizuiwa kukalia kiti chake kwa sababu ya suala la kiapo cha kumtaja Mungu, akafungiwa kwa muda katika mnara wa saa wa Bunge, na hakuruhusiwa kuapishwa hadi mwaka 1886. Waliotenganishwa hapo walikuwa watu wa tabaka mbili, na neno la heshima lilimkinga aliyekuwa na heshima tayari.

Ndiyo maana siwezi kukubali usemi kwamba kumwogopa mkanamungu ni tabia ya Kiafrika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inautambua ukuu wa Mungu katika utangulizi wake, kisha katika ibara ya 8 inasema hakuna dini ya taifa, na ibara ya 32 inalinda uhuru wa dhamiri na imani. Pamoja na hayo, chama cha wakanamungu kilichosajiliwa mwaka 2016 kilisimamishwa mwaka huohuo kwa hoja ya amani na utulivu wa nchi. Sidhani chama cha waagnostiki kingemshughulisha mtu yeyote. Katika sensa ya mwaka 2019 watu 755,750 waliandikwa kuwa hawana dini, wakiwekwa katika kundi moja na wakanamungu, na sina shaka kwamba wamo wengi waliojibu kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asisikie.

Kwa mjomba, nami nilikuwa na swali. Yeye ni mtu wa Alego, huko Siaya, magharibi mwa Kenya, na huko Alego mwaka 1913 Onyango Dunde alitangaza kwamba amemezwa na kutemwa na Mumbo, nyoka mkubwa wa Ziwa Victoria, aliyemwagiza awaambie watu kwamba dini ya Kikristo imeoza na kwamba Wazungu watatoweka. Mumbo alipata wafuasi wengi, hasa Gusii, hadi serikali ya kikoloni ikawaandama. Nilimuuliza mjomba kama kuhusu Mumbo yeye hajui au haamini. Alicheka akasema huo ni upuuzi, na hakuniletea ushahidi wowote, wala sikumdai. Kwa mungu wa ziwa la kwao yeye ni mkanamungu kamili. Hahitaji kuyazamia maji yote kwanza. Alinijibu kwamba Mungu wake hafanani na nyoka, nami nikakiri kwamba hoja hiyo ina uzito, kwani kadiri mungu anavyoelezwa kwa sifa zisizoshikika, ndivyo ilivyo vigumu kumkana kwa uhakika. Ila ugumu huo haumwongezei mtu sababu ya kuamini.

Kwa sasa mabishano yamehamia kwenye harusi. Binamu yangu anataka ndoa ya kiserikali, ambayo sheria ya ndoa ya mwaka 2014 inaitambua sawasawa na ile ya kanisani. Mjomba amekubali kuhudhuria kwa sharti kwamba kabla ya chakula atasali yeye mwenyewe, na kwa urefu autakao. Bwana harusi ameridhia. Mimi nimepewa kazi ya kushika kipaza sauti.