Yeye halii

Tangu Jumanne nna neno moja halinitoki kichwani. Nimelala nalo, nimeamka nalo, nimefika ofisini nikalikuta limeshanitangulia kwenye makaratasi ya forodha. Wiki hii Mwanaidi kaposwa, bosi katangaza tunahamia Mwembe Tayari, na mamake Kibwana kaongezewa mkataba Maskati mwaka mwengine. Hayo yote yana siku yake.

Mwajua Kibwana, mtoto wa kakangu, hapandi gari tangu ile ajali ya Mariakani iliyotuchukulia babake. Kwa hivyo kliniki twaenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, Tudor mpaka Majengo hapa Mombasa, jua la saa tisa likituwaka utosini. Tulikuwa tushafika Tononoka. Nikamuuliza kijuujuu tu, vile ambavyo humuuliza amekula nini shuleni.

"Leo mmezungumza nini na kaunsela?"

"Ile siku."

"Ile siku vipi?"

"Tumefika kwenye lori."

Nikahisi miguu yaniisha nguvu. Mbele yangu hajapata kulitaja lori, tangu matanga mpaka leo. Alijualo ni kulichezea: vigari viwili sakafuni, kikubwa na kidogo, vyagongana, avitenganisha, vyagongana tena, mpaka mamangu huinuka akaenda zake barazani. Basi nikasema, "Mbona mimi huniambii?"

"Wewe utalia, shangazi. Yeye halii."

Kisha akaomba achari ya embe.

Nimeyarudia maneno yale kwa kila sauti. Kwa sauti ya lawama hayakai, maana Kibwana akilaumu hununa, na siku ile hakununa. Kwa sauti ya kunionea huruma yanaumiza zaidi, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa hastahili kunionea huruma mimi. Nafikiri aliyasema kama mtu anayekwambia duka la pembeni limefungwa, usijisumbue kwenda. Alikuwa hata hanitazami, macho yako kwa muuza achari. Na mimi nikatoa pesa nikalipa, sikusema kitu. Sasa ndio majibu yanakuja, saa nane za usiku. "Silii." Uongo. "Nikilia kuna ubaya gani?" Angenijibu nini? "Alikuwa babako, lakini kabla ya hapo alikuwa kaka yangu." Hilo nalo humwambii mtoto.

Na hasira nnayo, nisifiche. Usiku akiamka na mayowe ni mimi nimshikaye. Mashuka nafua mimi. Yule dada kaunsela namheshimu sana, lakini yeye ana chumba chake chenye feni, ana kalamu za rangi, ana saa ukutani inayomwambia kikao kimekwisha. Analipwa asilie.

Mamangu ana lake: "Mtoto keshasahau, mwamchokonoa ya nini?" Kombe, maji ya aya zilizoandikwa, amemnywesha, maalim amemsomea, na sikuona ubaya, usingizi wake ulitulia kidogo. Ila kusahau hajasahau. Kaunsela alitueleza tangu mwanzo kwamba siku za kwanza baada ya msiba, watoto wengi hushtuka ovyo, hukojoa kitandani, huganda kwa mtu mmoja, na kwa wengi hali hiyo hupoa yenyewe. Ikipita mwezi na bado imemshika, hapo ndipo huangaliwa kama ni ule msongo wa baada ya kiwewe. Na kulikwepa jambo ndiko kunakolilisha likanenepa. Hata hivyo hawamrukii mtoto na maswali ya ajali. Huanza na namna ya kuvuta pumzi, kisha kuzitaja hisia zake, kisha kulipima wazo linalomwambia kuwa yeye ndiye sababu, kwani watoto wengi hujitwika lawama zisizo zao. Hadithi yenyewe huja polepole, kwenye kitabu anachokitunga mwenyewe, kila kikao kipande anachoweza kukibeba. Kwa kawaida vikao ni 12 hadi 16. Wao wamefika kwenye lori.

Usiku mmoja nilisoma kwamba tiba hii walijaribiwa nayo mayatima wa Bungoma hapa kwetu Kenya na wa Moshi, Tanzania, watoto 640, matokeo yakachapishwa mwaka 2020. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, ni watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Tiba ilipokwisha, ilikuwa imesaidia kuliko huduma ya kawaida katika sehemu tatu kati ya nne, za mjini na za vijijini. Moshi vijijini tofauti haikuonekana. Hapo ndipo nilipoanza kuamini. Mtu anayetaka kukuuzia dawa hakwambii mahali iliposhindwa. Na walezi nao walikuwa na kikundi chao, pembeni. Hilo nililipita haraka wakati ule.

Alhamisi ilikuwa zamu yangu na kaunsela, peke yangu. Nikamwaga lote, hata la mshahara. Hakukasirika. Akasema watoto huwaficha wakubwa mambo ili wasiwaumize, na kwamba Kibwana kitabu chake atakuja kunisomea mimi, ndivyo tiba yenyewe ilivyopangwa, lakini kabla ya siku hiyo mimi nitakisikia kwanza kwake yeye, mlango umefungwa. "Lia hapa mpaka ushibe. Siku akikusomea, chozi likitoka na litoke, mradi asilazimike kuacha kusoma akubembeleze."

Nikamuuliza, "Na wewe je?"

"Nna msimamizi wangu. Kila wiki."

Basi. Kumbe naye ana kwake. Nilishuka ngazi nikanunua mahamri ya watu kumi na nyumbani tuko wanne.

Na Jumamosi, mtoto huyu huyu! Jirani aliegesha tuktuk yake chini ya mwarobaini, injini imezimwa, kama tulivyokubaliana. Kibwana akaizunguka, akaingia kiti cha nyuma, akakaa. Jasho lilimtoka, akapuliza pumzi zake kama alivyofundishwa, akahamia mbele, kisha akaigundua honi. Aliipiga mpaka mamangu akatoka na leso mkononi akidhani watu wa bwana harusi wamefika. Hatua ya pili ni kukaa injini ikiwa inanguruma, bila kwenda popote. Kwenda mpaka mwisho wa mtaa ni baadaye, atakapotaka.

Na watu wa bwana harusi wenyewe waja Ijumaa, na friji imeanza tena ule mlio wake, na ndani nimejaza nguru wa kuwakaangia. Tokeni za stima nimetia, si stima. Fundi wa juzi hashiki simu, na huyu mwengine anataka alipwe kabla hajaifungua.